"Used to": kauli moja, maana tatu

Mimi hutembeza wageni Mji Mkongwe, na jioni huwafundisha vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii. Kauli ya Kiingereza inayowasumbua sana ni fupi: "used to". Ukiikosea mbele ya mgeni hukosei sarufi peke yake, unaweza kumpa historia isiyokuwepo.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwambia mzee mmoja Muingereza, "I am used to live in Pemba." Nilikusudia kwamba zamani nilikuwa nikiishi Pemba. Yeye akaelewa kuwa nimeshazoea maisha ya kule na bado ndiko kwetu, akaanza kuniuliza habari za boti na lini narudi. Tulizunguka dakika kadhaa kabla hatujaelewana. Tangu siku ile nikajiwekea utaratibu, na ndio huu ninaowafundisha vijana.

Hatua ya 1: Iseme kwanza kwa Kiswahili

Kabla hujafungua mdomo, jua unataka kusema lipi kati ya haya:

- Zamani nilikuwa nikichuma karafuu.
- Nimezoea kuchuma karafuu.
- Pishi ilitumika kupimia karafuu.

Kwetu sisi hakuna anayeweza kuzichanganya hizi. Kiingereza zote kinazipitisha kwenye "used to":

- "I used to pick cloves."
- "I am used to picking cloves."
- "A pishi was used to measure cloves."

Hatua ya 2: Tazama kilichotangulia "used"

Kama kabla yake hakuna "am", "is", "are", "was" wala "were", basi unazungumzia jambo la zamani lililokwisha. "Freddie Mercury used to live in Zanzibar." Mwimbaji huyu wa bendi ya Queen alizaliwa hapa mwaka 1946, na familia yake iliondoka mwaka 1964. Jambo limepita, na sentensi yenyewe inamwambia mgeni hivyo bila ya wewe kuongeza neno "zamani".

Ukitaka kusema "hapa palikuwa na", tumia "there used to be". Tukifika kanisa la Kianglikana la Mkunazini nasema: "There used to be a slave market here." Soko lilifungwa mwaka 1873, enzi ya Sultani Barghash, na kanisa likajengwa papo hapo. Vijana wengi husema "Here was used to be". Hiyo haipo. Pale ni mahali pa majonzi, na mgeni anastahili kuambiwa kwa maneno yaliyonyooka.

Hatua ya 3: Tazama kinachofuata "to"

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotutega. Sisi tunasema "nimezoea kuamka", na skuli tulifundishwa kwamba "kuamka" ni "to wake up". Kwa hiyo tunaunga moja kwa moja: "I am used to wake up early." Mantiki ni yetu, lakini kwa Kiingereza ni kosa.

Ile "to" ya kuzoea si "ku-" ya kitenzi. Inafanya kazi kama ile iliyomo kwenye "I am going to Wete": inasubiri jina la kitu. Kwa hiyo kitenzi kikija hapo lazima kivae "-ing" kiwe kama jina: "I am used to waking up early."

Kipimo changu ni hiki. Weka "the heat" baada ya "to". "I am used to the heat", nimezoea joto, inakubali. "I used to the heat" haikubali hata kidogo. Palipokubali jina, kitenzi kinataka "-ing". Palipokataa, kitenzi kinakuja kitupu: "I used to wake up early", yaani zamani nilikuwa nikiamka mapema, siku hizi siamki.

Kama bado uko njiani kuzoea, weka "get" au "getting" kabla ya "used": "I am getting used to the heat." Mgeni anayelalamikia jua la Januari mwambie kwa upole, "You will get used to it."

Hatua ya 4: Sikiliza sauti

Twende Changuu, kisiwa ambacho wageni hukiita Prison Island. Jina hilo linawafanya waamini palikuwa na wafungwa. Jela ilijengwa kweli, mwaka 1893, lakini haikufungiwa wahalifu. Baadaye kisiwa kikawa karantini ya wasafiri. Ukisema "It used to be a prison" umeshampotosha mgeni. Sema hivi:

"It was built as a prison, but it was never used to hold criminals. Later it was used to keep travellers in quarantine."

Hii ndiyo maana ya tatu, ya kutumika. Kuna "was" kabla ya "used", na baada ya "to" kitenzi kiko kitupu. Matamshi nayo yanabadilika. Kwenye maana mbili za mwanzo tamka "yustu", kwa "s" nyepesi, maneno yote mawili kwa pumzi moja. Kwenye kutumika tamka "yuzdi tu", kwa "z", na maneno yaachane kidogo. Vijana wangu hulirudia hili barazani mpaka ulimi ukubali, na nimeona tofauti: mgeni anaacha kukunja uso.

Hatua ya 5: Kukana na kuuliza

Ukiingiza "did", ile "d" ya mwisho inaondoka: "Did you use to live here?" "We didn't use to have so many hotels."

Makosa mawili ya kuangalia

"Huamka saa kumi na moja" si "I use to wake up at five". Kauli hii haina wakati uliopo. Sema "I usually wake up at five."

Ukitaja muda kamili au idadi ya mara, iache. "I used to live in Wete for five years" si sahihi. "I lived in Wete for five years" ndiyo.

Zoezi

Geuza kwa Kiingereza, kwa sauti, bila ya kuandika:

1. Nimezoea kutembea kwenye vichochoro.
2. Zamani Zanzibar ilikuwa ikiongoza duniani kwa karafuu.
3. Majamvi yalitumika kuanikia karafuu.

Majibu: "I am used to walking in the alleys." "Zanzibar used to lead the world in cloves." "Mats were used to dry cloves." Ile ya tatu, kama umetamka "yustu", irudie.