Kupanga kompyuta za darubini ya redio: hesabu kwanza, manunuzi baadaye

Mtu akiniambia anapanga darubini ya redio yenye antena nyingi, swali lake la kwanza huwa lilelile: tununue GPU gani, yaani kadi gani ya kompyuta inayofanya hesabu nyingi kwa mpigo? Hilo ni swali la mwisho. Antena zikisimamishwa zitasikiliza anga kwa miongo, ilhali kadi utakayoinunua leo itakuwa imechoka kabla hata ya safari kunoga. Darubini ya redio ya LOFAR ya Uholanzi ilianza na kompyuta kubwa za IBM Blue Gene, na kufikia 2014 kazi ileile ilikuwa imehamia kwenye seva zenye GPU. Antena zilibaki palepale. Tunachopanga ni mtiririko wa data. Mashine ni wapangaji tu, huja na kuhama.

Tutembee na mfano mmoja: antena 32, kila moja ikitoa mikondo miwili ya polaraizesheni (mielekeo miwili ya mtikisiko wa mawimbi), zikisikiliza kuanzia megahezi 400 hadi 800. Chukua karatasi na kikokotoo.

Hatua ya 1: Pima kinachoingia

Kanuni ya Nyquist inataka sampuli mara mbili ya upana wa masafa. Upana wetu ni megahezi 400, basi ni sampuli milioni 800 kila sekunde. Kwa biti 8 kila sampuli, mkondo mmoja ni gigabiti 6.4 kwa sekunde. Mikondo iko 64, jumla gigabiti 409.6, yaani gigabaiti 51.2 kila sekunde. Ukiiacha siku nzima ni petabaiti 4.4.

Mzigo huo hauhifadhiki. Lazima uchakatwe ungali unatiririka, na ikikupita sekunde moja, imepita.

Hatua ya 2: Kaa na wanasayansi kabla ya mafundi

Waulize mambo matatu: wanataka chaneli ngapi za masafa, wanaweza kuvumilia kujumlisha data kwa muda gani, na je, kati yao kuna anayewinda milipuko ya redio ya muda mfupi?

Swali la tatu niliwahi kulisahau. Seva zilikuwa zimeshafungwa kwenye raki ndipo likaja ombi: tunataka kuhifadhi data ghafi mlipuko ukitokea. Nafasi zote za memori zilikuwa zimejaa. Tulinunua seva upya.

Tatizo liko hivi. Mawimbi yanapopita kwenye elektroni zilizotawanyika angani, masafa ya chini huchelewa kuliko ya juu. Wanaastronomia hukipima kiasi cha elektroni hizo kwa namba waiitayo DM. Chukua mlipuko wenye DM ya 1,000. Ucheleweshaji ni milisekunde 4.15 mara DM, mara tofauti ya kinyume cha mraba wa masafa kwa gigahezi: 6.25 kwa megahezi 400, toa 1.5625 kwa megahezi 800. Jibu ni takriban sekunde 19.5. Maana yake, masafa ya juu yakishafika, ya chini yangali njiani kwa karibu sekunde 20, na programu ya kugundua haiwezi kuamua mpaka yafike. Ukitaka data ghafi yote ya muda huo, unahitaji bafa (memori ya kushikilia data kwa muda) ya sekunde 20 mara gigabaiti 51.2, yaani terabaiti moja ya memori. Na hapo hujaweka hata sekunde moja ya kufikiri. Mimi huzidisha mara mbili.

Hatua ya 3: Gawa kazi kati ya F na X

Muundo uliozoeleka unaitwa FX. Sehemu ya F hupitisha kila mkondo kwenye vichujio na hesabu ya Fourier, ukatoka umegawanyika kuwa chaneli, tuseme 4,096. Sehemu ya X huchukua chaneli moja moja, ikazidisha kila mkondo na kila mwingine, kisha ikajumlisha. Ukiongeza antena maradufu, kazi ya F huongezeka maradufu. Ya X huongezeka karibu mara nne, na hapo ndipo bajeti nyingi hufia.

Mikondo 64 ina jozi 2,080, ukihesabu pia kila mkondo na wenyewe. Zidisha kwa milioni 400 (baada ya F, sampuli milioni 800 za kila sekunde huwa namba changamano milioni 400), halafu kwa 8, kwa kuwa kuzidisha na kujumlisha namba changamano hugharimu hesabu 8 za kawaida. Unapata trilioni 6.7 kwa sekunde. Antena zikiwa 64, jozi ni 8,256 na hesabu ni trilioni 26.4.

Namba inatisha, ila GPU moja nzuri ya kisasa inaibeba trilioni 6.7 bila kutoka jasho. Kinachobana ni kuifikishia data. Baada ya F tunapunguza kila sampuli iwe biti 4 kwa kila sehemu ya namba changamano. Kwa kuwa tunachosikia ni kelele tupu karibu muda wote, usikivu unaopotea ni kama asilimia 1. (Penye mwingiliano mkali wa redio, baki na 8.) Sasa mtiririko ni gigabiti 204.8. Ukiugawa kwa seva 4, kila moja inapokea 51.2, na kadi ya mtandao ya gigabiti 100 inabaki na nafasi ya kupumua. Kwa hiyo seva ni 4 kwa sababu ya mtandao, GPU haihusiki.

Kinachotoka ni kidogo: jozi 2,080, chaneli 4,096, baiti 8 kila moja, ni megabaiti 68. Ukijumlisha kwa sekunde 2 unaandika terabaiti 2.9 kwa siku. Kwa nusu sekunde, 11.8.

Hatua ya 4: Iogope swichi ya mtandao

Kila seva ya X inataka chaneli zake kutoka kwa antena zote. Antena zote 32 zikianza kutuma kwa seva ya kwanza kwa wakati mmoja, bafa ya swichi inafurika na pakiti zinaanguka kimyakimya, huku wastani wa matumizi ukionyesha mambo shwari. Dawa ni rahisi: antena ya 1 ianzie seva ya 1, ya 2 ianzie seva ya 2, na kuendelea kwa zamu. Kila pakiti ibebe saa ya sampuli, namba ya antena na chaneli yake ya kwanza. Iliyopotea, weka sifuri mahali pake na uihesabu.

Hatua ya 5: Umeme na kelele zako mwenyewe

Seva ya wati 1,500 ikiwaka miaka 10 hula takriban kilowati-saa 131,000, kabla ya kuipoza. Na kompyuta nazo hupiga kelele za redio kwenye masafa yaleyale unayosikiliza. Ndiyo maana kompyuta za MeerKAT, darubini ya redio ya Afrika Kusini, kule Karoo zimewekwa kwenye jengo lililochimbiwa ardhini.

Hatua ya 6: Sasa chagua

Karibu na antena, palipo na saa kali na sampuli zisizosubiri, mimi huweka FPGA, chipu ambayo sakiti zake hupangwa upya kwa kazi moja maalumu. Kwa X, GPU, maana programu yake hubadilishwa kwa urahisi. Darubini ya CHIME ya Kanada, yenye mikondo 2,048 kwenye masafa haya haya ya mfano wetu, imegawanywa hivyo hivyo.

Kabla ya kusaini chochote, azima seva mbili na swichi moja. Tengeneza kelele bandia, uchomeke toni moja katikati ya chaneli ya 1,234, uiache saa 24, kisha hesabu pakiti zilizopotea. Ukiikuta toni kwenye 1,235, rudi kwenye programu, manunuzi yasubiri.