Kupiga Picha Svalbard: Chagua Msimu kwa Kufuata Mwanga

Mpiga picha aliyezoea Serengeti au Amboseli hupanga safari yake kwa kuwafuata wanyama. Kwa anayekwenda Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo katikati ya bara la Ulaya na Ncha ya Kaskazini, ninashauri aanze na kalenda ya jua, kisha ndipo aulize ni wanyama gani watakaopatikana.

Karibu na ikweta jua hupanda kwa kasi, na mwanga laini wa asubuhi huisha kabla ya nusu saa. Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa hivyo, uko kwenye nyuzi 78 kaskazini: kuanzia takriban tarehe 20 Aprili hadi baada ya tarehe 20 Agosti jua halizami, na kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari halichomozi. Kati ya vipindi hivyo, jua hutambaa karibu na upeo wa macho, na mwanga ambao kwetu hudumu dakika chache huweza kudumu saa nyingi.

Kwa sababu hiyo, kama una nafasi ya safari moja tu, nenda kati ya mwanzo wa Machi na katikati ya Aprili. Theluji bado imefunika nchi, vivuli ni virefu, na milima hugeuka kuwa ya waridi upande unaopigwa na jua huku upande wa kivulini ukibaki bluu. Kamera, ikiachiwa ipime mwanga yenyewe, huifanya theluji kuwa ya kijivu; ongeza fidia ya mwanga (mpangilio unaoiambia kamera ing'arishe picha) kwa hatua moja au moja na nusu, kisha utazame histogramu, yaani grafu ya mgawanyo wa mwanga katika picha, kwa maana skrini hudanganya mahali penye mng'ao mkali. Kulungu wa Svalbard (reindeer), wafupi wa miguu na wenye manyoya mazito, huonekana hata mabondeni karibu na mji. Wakati huo wanaishi kwa mafuta yaliyobaki mwilini baada ya majira marefu ya baridi, hivyo kumkimbiza mmoja kwa ajili ya picha ni kumpunguzia uwezekano wa kuishi. Keti chini, subiri, na umwache akusogelee mwenyewe. Akiacha kula na kuinua kichwa, umeshakaribia kupita kiasi.

Baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri humaliza betri haraka, kwa hiyo zile za akiba zikae katika mfuko wa ndani ya nguo, karibu na mwili. Hatari kubwa zaidi kwa kamera hutokea wakati wa kurudi ndani ya nyumba yenye joto, ambapo unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya lenzi na hata ndani yake. Itie kamera katika mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa ukiwa bado nje, na usiufungue mpaka kamera ipate joto la chumba. Toa kadi ya kumbukumbu kabla ya kuifunga kamera mfukoni, la sivyo utakaa saa kadhaa ukiitamani kadi hiyo.

Kiangazi ni msimu wa meli, wa walrasi (wanyama wakubwa wa baharini wenye meno marefu kama pembe), na wa ndege wa baharini, ambao kwenye majabali ya Alkefjellet hutaga mayai kwa makumi ya maelfu. Mchana mwanga huwa bapa. Lala wakati huo na upige picha kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri. Kuhusu dubu weupe, sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2025 inataka umbali wa mita 300 usipungue, na mita 500 kuanzia Machi 1 hadi Juni 30. Hata lenzi ya milimita 600 haitaijaza fremu kwa umbali huo, na kwa maoni yangu hilo si hasara: dubu mdogo katika barafu pana hueleza anavyoishi kuliko uso wake peke yake.

Majira ya giza yanamfaa anayetaka mianga ya kaskazini (aurora), mianga ya rangi inayocheza angani, ambayo huko huweza kuonekana hata adhuhuri. Weka kamera juu ya stendi, rekebisha fokasi kwa mkono mpaka nyota zionekane wazi, fungua tundu la lenzi hadi f/2.8, na uanze na ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 1600 kwa sekunde nane. Mianga ikicheza kwa kasi, punguza sekunde.

Nje ya mji tembea na kiongozi mwenye silaha na vifaa vya kuwatishia dubu. Tena, Svalbard haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ingawa safari hupitia Norwei bara. Msafiri anayehitaji viza ya Schengen aombe ile inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja, maana bila hiyo atakwama wakati wa kurudi.