Ukipigwa na Mwenzi Wako: Namna ya Kulifikisha Shauri Mahakamani Tanzania Bara

Tanzania Bara haina sheria mahususi ya ukatili wa majumbani, na kwa sababu hiyo wapo wanaoamini kwamba kipigo cha ndani ya ndoa ni suala la wazee na mshenga, lisiloihusu polisi. Imani hiyo imewaumiza wengi, na haina msingi wowote. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka wazi kwamba mtu hana haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama desturi inasema vingine. Adhabu zenyewe zimo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo humhukumu anayempiga mkewe nyumbani sawasawa na anayempiga mpita njia.

Aliyeumia vibaya awahishwe hospitali kwanza. Uhai hausubiri karatasi. Asiye katika hatari aanzie kituo cha polisi, aombe kuonana na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto pale lilipo, aeleze yaliyompata, na asiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake katika kitabu cha polisi, pamoja na PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika humo majeraha aliyoyaona. Fomu hiyo hutolewa bure.

PF3 ndiyo inayobeba uzito wa shauri, na ndiyo inayoharibiwa mara nyingi kwa haraka au kwa aibu. Iwahishwe kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa kuwa uvimbe hunywea, na jeraha lililokwisha kufunga haliwezi kueleza tena lilivyokuwa. Daktari aelezwe ukweli wote: umepigwa na kitu gani, wapi, lini. Mwanamke anayesema "nilianguka bafuni" kwa kumwonea haya daktari, kisha akaieleza mahakama kwamba alipigwa kwa mpini wa jembe, atasomewa maneno yake mwenyewe na wakili wa mshtakiwa, na atapata taabu kubwa kuaminiwa. Kabla ya kutoka chumba cha daktari, angalia fomu: je, imetaja kila jeraha, mahali lilipo na ukubwa wake? "Mkwaruzo wa sentimita 4 chini ya jicho la kushoto" una nguvu kuliko "ana majeraha usoni". Iwe pia na saini, muhuri na tarehe.

Pigeni picha za majeraha, na msizifute katika simu iliyozipiga hata baada ya kuzituma kwingine. Nguo yenye damu isifuliwe. Ikabidhiwe kwa mpelelezi, na makabidhiano yaandikwe. Jirani aliyesikia kelele atajwe kwa jina katika maelezo ya polisi, na maelezo hayo yasomwe hadi mwisho kabla ya kutiwa saini. Kama hujui kusoma, una haki ya kusomewa.

Aina ya kosa hutegemea ukubwa wa madhara. Shambulio la kawaida, kama vile kofi lisiloacha jeraha, lina kifungo cha hadi mwaka 1. Shambulio la kudhuru mwili, hadi miaka 5. Na kusababisha madhara makubwa, kwa mfano kumharibu mtu uso kwa kudumu, hadi miaka 7. Ndiyo maana nimesisitiza vipimo vya daktari, kwa sababu mstari mmoja katika fomu unaweza kulihamisha kosa kutoka ngazi moja hadi nyingine.

Mahakamani, mke au mume anaweza kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake pale yeye mwenyewe ndiye aliyedhuriwa. PF3 ikishapokelewa kuwa kielelezo ni lazima isomwe kwa sauti, na mshtakiwa aambiwe kwamba anayo haki ya kutaka daktari aitwe kuhojiwa. Hatua hizo zikirukwa, fomu huweza kuondolewa katika ushahidi wakati wa rufaa, hivyo mlalamikaji asisite kumkumbusha mwendesha mashtaka.

Ndugu watakuja na ombi la kuyamaliza nyumbani. Sheria inairuhusu mahakama kuhimiza suluhu katika makosa madogo ya kushambulia, lakini si katika makosa mazito, na uamuzi huo si wa ukoo. Tusichanganye pia na baraza la usuluhishi wa ndoa: hilo hupitiwa na anayetaka talaka, wala si sharti la kufungua kesi ya jinai.

Mshtakiwa akitiwa hatiani, mahakama inaweza kumwamuru alipe fidia. Anayetaka zaidi anaweza kufungua madai ya fidia ya madhara, ndani ya miaka 3 tangu tukio. Kwa njia zote mbili utaulizwa umetumia kiasi gani, kwa hiyo tunza risiti za dawa, za mashono na za nauli ya kliniki katika bahasha moja na nakala ya PF3, na uiweke kwa mtu unayemwamini, nje ya nyumba mnayoishi.