Diski ya zamani imegoma kufunguka kwenye laptopu mpya? Usiifomati kwanza

Dada yangu kanunua laptopu mpya juzi, ile ya zamani madabodi iliungua ila diski ilikuwa nzima kabisa, tukaichomoa tukaitia kwenye kale kaboksi ka USB tukaichomeka. Ikaonekana kama E, folda la Users lipo, ndani yake folda lenye jina lake lipo, ile anabonyeza tu aingie kwenye picha za watoto, anaambiwa hana ruhusa. Na kuna fundi alishamwambia hiyo diski imeharibika, ifomatiwe tu. Ndugu zangu, msikubali! Picha zote zilikuwemo na tumezitoa zote, miaka tisa ya picha.

Kinachotokea ni hivi: Windows haikujui kwa jina, inakujua kwa namba. Siku unafungua akaunti inakutengenezea namba ndefu inayoanza na S-1-5-21 halafu tarakimu kibao, na kila faili kwenye diski ya NTFS (diski za Windows karibu zote ndo hizo) imeandikiwa namba ya mwenyewe pamoja na orodha ya namba zinazoruhusiwa kusoma, kuandika au kufuta. Laptopu mpya imekupa namba nyingine, kwa hiyo hata uweke jina lile lile na pasiwedi ile ile, kwa yale mafaili wewe ni mgeni. Ukitaka kuiona namba yako fungua Command Prompt (lile dirisha jeusi la kuandika amri) uandike whoami /user, itakuja hapo hapo. Halafu nenda kwenye folda la zamani, kitufe cha kulia cha mausi, Properties, Security, mara nyingi utakuta pale ile namba ya zamani imekaa peke yake imeandikwa Account Unknown. Huyo ni wewe wa kompyuta iliyokufa.

Sasa kufungua. Hakikisha akaunti unayotumia ni ya msimamizi, maana ya kawaida haitaweza. Bonyeza folda, likija lile boksi la kukataa bonyeza Continue, halafu subiri, ule mstari wa kijani unaweza kutembea hata nusu saa kama mafaili ni mengi, usichomoe. Mara nyingi inaishia hapo. Wengine wanashangaa, mbona mimi ni msimamizi na bado nakataliwa? Ni kwa sababu Windows inakuchukulia kama mtu wa kawaida mpaka ukubali mwenyewe kutumia ule uwezo, na ni vizuri hivyo, virusi navyo vinaweza kuzuiwa hapo hapo.

Ikigoma bado, fungua Command Prompt kwa kuchagua Run as administrator, uandike hizi mbili moja baada ya nyingine, badilisha tu jina la folda (Rehema ni folda la dada):

takeown /F "E:\Users\Rehema" /R /D Y
icacls "E:\Users\Rehema" /grant "%USERNAME%":F /T /C

Ya kwanza inakufanya uwe mwenye mafaili, ya pili inakupa ruhusa zote. Zote mbili zinahitajika, kuwa mwenye faili peke yake hakukupi ruhusa ya kulisoma, kunakupa haki ya kubadilisha ruhusa. Na tafadhali angalia ile herufi ya diski mara mbili kabla hujabonyeza Enter, usije ukaandika C:\Windows, yale mafaili ya mfumo yana mwenyewe anaitwa TrustedInstaller na ukimnyang'anya unaweza kuiharibu laptopu mpya.

Ikishafunguka KOPI, usikate. Faili ulilokopi kwenda kwenye Documents za laptopu mpya linachukua ruhusa za huko linakoenda, lakini ukikata na kubandika ndani ya diski ile ile linabaki na ruhusa zake za zamani, kesho unaanza upya kuuliza mbona hili limegoma.

Kuna hali moja hii njia haisaidii, nayo ni kama diski ilifungwa kwa BitLocker, ile kinga ya Windows ya kuifunga diski nzima. Hapo inataka ufunguo wa tarakimu 48, angalia kwenye akaunti yako ya Microsoft mara nyingi umehifadhiwa huko, bila huo hakuna fundi wa kukusaidia. Ruhusa ni mlinzi wa getini tu, ila BitLocker imevuruga maandishi yenyewe.

Na hapo ndo nataka mtu afikirie vizuri. Sisi tumefungua diski ya dada bila pasiwedi yake ya zamani kuulizwa hata mara moja, kwa hiyo mtu akiiba laptopu yako naye anaweza. Flashi ndo kabisa, nyingi zimepangwa kwa FAT32 au exFAT badala ya NTFS, hazina hizi ruhusa kabisa, aliyeiokota anasoma kila kitu. Kwenye laptopu mpya nenda Settings uangalie kama usimbaji wa diski (kule kuifunga kama BitLocker) umewashwa, na ule ufunguo uuandike kwenye karatasi uiweke pamoja na vyeti vyako. Wa dada tumeshauandika, upo kwenye bahasha ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto.