SOMO: Kuona mnara si kupata mawimbi

Wiki hii nimeulizwa mara sita: "Mnara nauona, mbona intaneti inakatika?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa. Mfano ni dishi mbili za intaneti zinazotazamana kilomita 20, kwa mawimbi ya gigahezi 5.8, kama tunavyofunga huku Mafinga na Njombe.

1. Pima umbali na mwinuko wa vilima vyote kwenye ramani.

2. Simamisha nguzo isiyotikisika, kaza boliti.

3. Acha nafasi katikati ya njia. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilisimama juu ya kilima, nikakiona kilima cha pili kwa darubini juu ya shamba la mikaratusi, nikafunga. Masika mawili yalipopita, mteja akaanza kunipigia simu kila mvua ikinyesha. Mwanga una mawimbi madogo mno, unapenya hata tundu la sindano. Mawimbi haya yana urefu wa sentimita 5 hivi, nayo husafiri yakiwa yamejaza nafasi yenye umbo la muhogo: nyembamba kwenye ncha mbili, nene katikati. Mafundi huiita eneo la Fresnel. Kwa kilomita 20, pale katikati, kutoka kwenye mstari wa macho (mstari ulionyooka kutoka dishi hadi dishi) kwenda chini ni mita 16. Angalau asilimia 60 yake, karibu mita 10, lazima iwe wazi.

ONYO: mkaratusi huongezeka mita 2 na zaidi kwa mwaka. Pima urefu utakaofikiwa na mti, usipime ulio nao leo. Majani yakilowa, hunyonya mawimbi zaidi.

4. Ongeza mgongo wa dunia, yaani mviringo wake unavyoinuka katikati ya njia. Hewa ya chini ni nzito na ina unyevunyevu, ya juu ni nyepesi, kwa hiyo mawimbi hupinda kidogo kuelekea ardhini na kuvuka upeo wa macho. Ndiyo maana kwenye hesabu nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,371, huchukuliwa kama 8,500. Hata hivyo mgongo unabaki: katikati ya kilomita 20 ni mita 6. Jumlisha na zile 10. Mstari wako upite mita 16 juu ya vilele vya miti, na bado uache nafasi ya kukua.

5. Angalia kipimo cha nguvu ya mawimbi alfajiri, si saa sita mchana peke yake.

MASWALI

Mdau wa Makambako: Mkuu, mimi mnara nauona vizuri, tatizo nini?
– Hatua ya 3.

Mdau wa Makambako: Nikiongeza nguvu ya kurushia?
– Mti hausogei kwa nguvu. Pandisha nguzo. Nguvu nayo ina kikomo cha kisheria.

Fundi wa Tukuyu: Kwetu mvua hainyamazi. Dishi ya televisheni huzima, ya intaneti inaendelea. Kwa nini?
– Swali zuri, kaka. Televisheni ya setilaiti ya bendi ya Ku hupokea karibu gigahezi 11 au 12. Kuanzia 10 kwenda juu, matone ya mvua hunyonya na kutawanya mawimbi. Kwenye 5.8 mvua yenyewe hudhuru kidogo sana. Ukungu ndiyo kabisa, usiuogope.

Dada wa Igurusi: Juni na Julai redio za FM za mbali husikika alfajiri, jua likipanda zinapotea. Naota?
– Huoti, dada yangu. Usiku wa baridi hewa baridi hutulia bondeni Usangu, yenye joto inabaki juu. Mpangilio huo hupinda mawimbi kupita kawaida, yakafuata ardhi hadi mbali. Jua likipasha ardhi, hewa huchanganyika na njia hufungwa. Hali hiyo hiyo huitesa dishi yangu: mawimbi hufika kwa njia mbili, yanafutana. Ndiyo sababu ya hatua ya 5. Mimi huacha akiba ya desibeli 20, yaani nguvu ya mawimbi inayozidi kiwango cha lazima. Andika saa na stesheni unazozipata, ningependa kuziona.

Fundi wa Tukuyu: Na maji yanayoingia kwenye plagi ya waya?
– Kabla ya plagi acha waya uning'inie kama tumbo la kamba ya kuanikia nguo, maji yadondoke pale chini. Kisha funga utepe wa mpira kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ulalie uliotangulia, kama bati za paa.