Hesabu nyasi kabla ya kuhesabu mifugo: jinsi ya kuvuka kiangazi katika nchi kame

Ng'ombe anayeanguka mwezi wa saba wa kiangazi alianza kufa siku mvua ilipokatika, wakati nyasi zingali za kijani na mwenyewe hana wasiwasi. Ndiyo maana kazi kubwa ya ufugaji katika nchi kame haifanywi wakati wa njaa. Hufanywa katika wiki chache baada ya mvua ya mwisho, na anayezipoteza wiki hizo hawezi kuzirudisha kwa kuhangaika baadaye. Hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata mwenyewe, na baadhi yake nilijifunza kwa kuzika mifugo.

Hatua ya 1: Pima nyasi mvua inapoisha

Tengeneza fremu ya mraba ya mita 1 kwa mita 1, ya mbao au ya nondo nyembamba. Tembea eneo lote la malisho na uweke fremu chini kila baada ya hatua 100. Usichague mahali. Jicho la mfugaji huvutwa na nyasi nzuri, na fremu ikifuata jicho, hesabu yote itakuwa ya uongo. Ikiangukia kwenye udongo mtupu, andika sifuri na uendelee.

Ndani ya fremu kata nyasi zinazoliwa tu, ukiacha shina la sentimita 5. Vichaka visivyoliwa viache. Ukishapima sehemu 20 au zaidi, anika kila fungu juani mpaka nyasi zivunjike ukizikunja, kisha zipime kwenye mizani ndogo. Tafuta wastani wa gramu, ukihesabu na zile sifuri. Kwa kuwa hekta moja ni mita za mraba 10,000, wastani huo ukizidisha kwa 10 utapata kilo za nyasi kavu kwa hekta. Wastani wa gramu 120 ni kilo 1,200.

Kilo hizo zote si zako. Mchwa watachukua zao, upepo utachukua zake, kwato zitakanyaga nyingine, na ardhi lazima ibaki imefunikwa ili mvua ijayo izame badala ya kukimbilia korongoni. Katika nchi kavu mimi huchukua theluthi moja tu. Kwa mfano huu, unabaki na kilo 400 kwa hekta.

Hatua ya 2: Geuza kilo kuwa siku

Mnyama hula kwa siku malisho makavu yenye uzito wa karibu asilimia 2.5 ya uzito wake. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji kilo 6.25 hivi. Kama huna mizani ya ng'ombe, kanda ya kuzungusha kifuani hutoa makadirio yanayotosha.

Sasa hesabu siku, na hapa wengi hukosea. Usihesabu mpaka siku mvua itakaponyesha, hesabu mpaka siku nyasi mpya zitakapokuwa na urefu wa kuliwa. Tuseme ni miezi 8, yaani siku 240. Ng'ombe mmoja atahitaji kilo 1,500, na kwa kilo 400 kwa hekta atahitaji hekta 3.75. Mwenye hekta 150 anaweza kuvusha ng'ombe 40.

Akiwa na 60, kilo 60,000 alizonazo zitaisha siku ya 160. Itabaki miezi karibu mitatu isiyo na kitu. Wala usidhani kwamba ng'ombe 40 watapona na 20 watakufa. Wote 60 watakonda pamoja, maziwa yatakauka pamoja, mimba zitaharibika, na ukifika siku ya 200 hakuna hata mmoja atakayekuwa na nguvu ya kutembea kwenda kuuzwa.

Fremu inapima nyasi tu, kwa hiyo hesabu hii ni ya ng'ombe na kondoo. Mbuzi na ngamia hutegemea zaidi majani ya vichaka na miti, na hiyo ndiyo sababu ya kuchanganya mifugo katika nchi ya miiba. Mwenye ng'ombe peke yake anaviacha vichaka bila mlaji, huku akigombania nyasi zilezile kila siku.

Hatua ya 3: Uza mapema, ukichagua

Najua uchungu wa kuuza mnyama uliyemwona akizaliwa. Mwaka mmoja nilipima, nikaona wazi kwamba ng'ombe wangu wamezidi malisho, kisha nikajiambia labda mvua za vuli zitawahi. Hazikuwahi. Nilipokuja kuuza, ng'ombe walikuwa mifupa na ngozi, na kila mfugaji wa eneo lile alikuwa sokoni siku hiyohiyo. Fedha nilizopata kwa ng'ombe kumi hazikufikia ambazo ningepata kwa watatu miezi minne nyuma.

Kwa hiyo uza wakati nundu bado imejaa. Wa kwanza kuondoka ni majike wazee: fungua mdomo, na meno yakiwa yamelika hadi fizi, jike huyo hawezi kukata nyasi fupi za kiangazi. Wanaofuata ni majike waliopitisha misimu miwili bila kuzaa, kisha madume ya ziada na maksai waliokwisha kunona. Usiguse mitamba wala majike wenye uzao wa pili au wa tatu. Hao ndio watakaolirudisha zizi, na sehemu ya fedha za mauzo iwe ya kuwanunulia chakula.

Mwenye kufikiria kubadilisha mbegu azingatie hesabu ya hatua ya 2. Ng'ombe mkubwa wa maziwa kutoka nchi za baridi anakula karibu mara mbili ya huyu wa kilo 250, na joto humpunguzia hamu ya kula. Boran miongoni mwa ng'ombe, mbuzi wa Galla, na kondoo wa Dorper, aliyezalishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya kondoo wa Dorset Horn na kondoo wa Kiajemi mwenye kichwa cheusi, wote walichaguliwa kwa nchi kavu. Ningeanza na dume bora la aina kama hizo kabla ya kufikiria kitu kingine.

Hatua ya 4: Anzia mbali na maji

Maji ya mvua yakiwa bado yamesimama kwenye mabwawa ya msimu, peleka mifugo kwenye malisho ya mbali. Malisho yaliyo karibu na kisima au lambo la kudumu yafungwe mpaka mwisho wa kiangazi, wakati miguu imechoka. Wengi hufanya kinyume, wanakula kwanza yaliyo karibu kwa sababu ni rahisi. Mwezi wa sita wa kiangazi wanajikuta na maji mahali pamoja na nyasi mahali pengine, na ng'ombe anateketeza njiani nguvu yote aliyoipata malishoni.

Katika joto kali ng'ombe mkubwa huhitaji lita 30 hadi 50 kwa siku. Ngamia anaweza kukaa siku nyingi bila kunywa, kisha akanywa zaidi ya lita 100 kwa mara moja, kwa hiyo birika la kunyweshea lilingane na siku yao ya kunywa, si na wastani. Kama unachimba lambo, chimba la kina kirefu lenye uso mdogo, kwani jua hunywa maji mengi kuliko mifugo. Lizungushie uzio na unyweshee nje, kwenye birika.

Hatua ya 5: Kata hei (nyasi za kukausha na kuweka akiba) zinapoanza kuchanua

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Nyasi zikianza kutoa maua bado zina majani na protini. Ukisubiri zikauke zimesimama, protini hushuka chini ya asilimia 7, na hapo vijidudu vya tumboni vinavyomsaidia ng'ombe kumeng'enya hukosa chakula. Ng'ombe anajaza tumbo na bado anakonda. Watu husema "nyasi zipo lakini ng'ombe hawashibi", nao wanasema kweli.

Kata asubuhi umande ukishakauka, tandaza, geuza mara moja au mbili kwa siku, na baada ya siku 2 au 3 kusanya zikiwa kavu lakini bado zina rangi ya kijani. Kufunga marobota hakuhitaji mashine. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako wala mfuniko, la sentimita 85 kwa 55 kwa 45, tandika kamba mbili chini, jaza nyasi huku mtu akikanyaga ndani, kisha funga. Utapata robota la kilo 20 hivi, na kwa kuwa uzito wake unaujua, unaweza kuliingiza moja kwa moja katika hesabu ya siku.

Weka marobota juu ya magogo, chini ya paa, pasipofika mchwa wala mvua. Robota lililofungwa na unyevu huota ukungu, na likirundikwa na mengine linaweza kupata joto la kuwasha moto.

Hatua ya 6: Ongeza nguvu kwenye malisho duni

Kwa mabua na nyasi zilizokwisha kukomaa, yeyusha kilo 4 za urea katika lita 50 za maji, nyunyizia sawasawa kilo 100 za mabua, shindilia na ufunike kwa plastiki bila kuacha hewa kuingia. Fungua baada ya siku 21, uache harufu kali itoke, kisha ulishe kidogo kidogo. Urea isiyoyeyuka vizuri ni sumu. Usimpe ndama mdogo, wala punda, na maji ya urea yasikae kamwe mahali mnyama anaweza kuyafikia.

Maganda ya mbegu za migunga ni chakula kizuri cha bure. Yakusanye yakianguka na uyatwange, maana mbegu nzima ni ngumu na nyingi hupita tumboni bila kumeng'enywa.

Ukiona ng'ombe anatafuna mifupa, amepungukiwa na fosforasi. Mpe chumvi ya madini yenye fosforasi na uiokote mifupa yote malishoni, kwa kuwa mizoga ya zamani hubeba sumu inayompoozesha mnyama.

Hatua ya 7: Chanja na panga uzazi mifugo ikiwa na nguvu

Mnyama aliyedhoofu haitikii chanjo vizuri, kwa hiyo chanja mwanzoni mwa kiangazi, hasa dhidi ya ugonjwa wa sotoka ya mbuzi na kondoo. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011 kwa sababu ya chanjo, na lengo la kimataifa ni kuifikisha hii ya mbuzi hapo ifikapo 2030. Dawa ya minyoo itolewe mvua zinapokwisha.

Mbuzi hubeba mimba miezi 5, ng'ombe 9, ngamia karibu 13. Hesabu kurudi nyuma kutoka wakati wa majani mabichi na umtenge beberu mpaka tarehe yake ifike.

Hatua ya 8: Ponya ardhi iliyo wazi

Zile sehemu ulizoandika sifuri ndizo za kuanzia. Inua matuta ya nusu mwezi, mdomo ukielekea juu ya mteremko, ili maji yanase ndani. Panda nyasi za kudumu kama Cenchrus ciliaris au Eragrostis superba kabla mvua haijaanza, kwa kina kisichozidi sentimita 2. Mbegu iliyovunwa jana haioti vizuri, inahitaji miezi kadhaa ghalani. Usilishe hapo mpaka nyasi zidondoshe mbegu za kwanza.

Hatua ya 9: Mvua ya kwanza, usifungue zizi

Mifugo mingi iliyovuka miezi yote ya njaa hufa wiki ya kwanza ya mvua. Hawana mafuta ya kuwakinga na baridi ya usiku wakilowa, na wakiuona ukijani watatembea kutwa nzima wakifuata machipukizi yaliyojaa maji. Acha marobota kwa ajili ya wiki mbili za kwanza za mvua, hata kama itabidi ujibane mapema. Wanyonge walale mahali pakavu, wale hei asubuhi kabla ya kutoka, warudi mapema. Nyasi zikifika urefu wa kiganja, watoe, ukianza na wenye ndama.