Somo: Kujaribu Haiku kwenye laptopu ya zamani bila kufuta mafaili ya mtu

Wakuu, habari za jioni. Nimechoka kujibu swali hili moja moja kwenye simu, kwa hiyo naliandika mara moja. Akikuuliza mtu, mtumie hili.

Haiku ni mfumo endeshi, kama Windows, ila ni huru na wa bure. Si Linux. Umejengwa kwa kufuata BeOS, mfumo wa kampuni ya Be ambayo mali zake zilinunuliwa na Palm mwaka 2001. Mwaka huohuo watu wa kujitolea wakaanza kuuandika upya, na hadi leo bado ni wa majaribio. Mimi natumia Beta 5, ya Septemba 2024. Unadai RAM ya MB 384 na nafasi ya GB 3 tu. Ndiyo maana naupenda: kuna laptopu za mtumba zinafika mezani kwangu hapa Kirumba zina RAM ya GB 1, Windows inazichosha, na mwenyewe ameshakata tamaa nazo.

Hatua ya 1. Pakua kutoka tovuti ya mradi. Prosesa ya biti 32, kama Atom N270 ya vile vilaptopu vidogo, ichukulie toleo la biti 32. Core 2 Duo na kuendelea, chukua la biti 64.

Hatua ya 2. Hakiki faili kwa amri ya sha256sum: namba inayotoka ifanane na ile ya kwenye tovuti. Bando likikatika katikati, faili huja pungufu.

Hatua ya 3. Kuandika kwenye flashi. Hapa tulia. Kwenye Linux, andika lsblk (amri ya kuorodhesha diski) kabla ya kuchomeka flashi, chomeka, kisha andika lsblk tena. Jina lililoongezeka ndilo la flashi. Linganisha na ukubwa: flashi ya GB 8 husomeka kama 7 na kitu, diski ya laptopu husomeka 149 au 298. Ndipo uandike amri ya dd, inayofunika chochote kilichokuwemo kwenye diski utakayoitaja:

sudo dd if=haiku.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress

Badala ya haiku.iso weka jina la faili lako, na badala ya X weka herufi uliyoiona kwa macho yako. Usiweke namba mwisho. Ni sdc, si sdc1. Ikimaliza, andika sync ili data yote ifike kwenye flashi, subiri, ndipo uchomoe.

Nasisitiza kwa sababu niliharibu. Flashi yangu ilikuwa sdb wiki nzima. Siku moja shemeji akaniachia diski ya nje yenye picha za harusi yake, nikaichomeka kwanza. Diski ikawa sdb, flashi ikawa sdc. Nikabonyeza mshale wa juu, amri ya jana ikarudi, nikagonga Enter. Nilipoona taa ya diski inawaka badala ya ile ya flashi, mwanzo wote wa diski ulikuwa umeshafunikwa. PhotoRec, programu ya kufufua mafaili, ilinirudishia picha nyingi, lakini bila majina wala mpangilio, na nyingine hazikurudi. Tangu siku ile amri ya dd naiandika upya kila mara, herufi kwa herufi, na diski ya mtu haikai kwenye mashine ninapofanya kazi hii.

Hatua ya 4. Kwenye mipangilio ya BIOS, zima Secure Boot (kinga inayozuia mifumo isiyotambulika kuwaka) kama ipo, chagua kuwaka kwa flashi.

Hatua ya 5. Itakuuliza: Try au Install. Chagua Try. Pima sauti, Wi-Fi, kibodi na kioo kabla ya kufikiria kusimika.

MASWALI

Mdau wa Igoma: Mkuu mi natumia windows nafanyaje

Tumia balenaEtcher, programu ya kuandika faili kama hili kwenye flashi. Chomoa flashi nyingine zote kwanza.

Mdau wa Igoma: Nimemaliza ila windows inasema ni-format flash, nika-format

Umefuta ulichoandika. Rudia hatua ya 3, na swali hilo likija tena, likatae.

Binti wa Sengerema: Shikamoo kaka. Vile vialama vinawaka kimoja kimoja halafu vinagoma njiani. Laptopu imekufa?

Marahaba dada. Haijafa. Kila alama ni hatua ya kuwaka, kwa hiyo umenisaidia kwa kutazama vizuri. Zima, washa, shikilia Shift mapema. Kwa mashine ya UEFI (zile mpya zaidi, zisizotumia BIOS ya zamani) ni spesi. Menyu ikitokea, ingia safe mode (kuwaka kwa tahadhari), chagua fail-safe graphics driver. Ikigoma tena, niambie imesimama alama ya ngapi, tutajua pa kuanzia.

Binti wa Sengerema: Imewaka! Nikibadilisha kitu, kitabaki kwenye flashi?

Kitabaki, ila nafasi iliyoachwa humo ni ndogo. Ukipata flashi ya pili ya GB 16, iandae kwa DriveSetup kama Be File System (mpangilio wa mafaili wa Haiku), halafu Installer ikusimikie humo; programu zote mbili zimo ndani ya Haiku. Diski ya laptopu haiguswi.

Jirani Nyamagana: Naweza weka kwenye kompyuta ya ofisi ya wakala?

Hapana. Mtumiaji ni mmoja, haina nywila ya kuingilia, na anayewasha anafika kila mahali. Pesa za watu zisiwe humo.

Jirani Nyamagana: Kwani huwezi kuweka tu nywila, mbona unakuza mambo

Nimeshajibu.

Fundi wa Nansio: Video inakwama na feni inapiga kelele.

Video nyingi hapo inabebwa na prosesa, kadi ya picha haisaidii sana, kwa hiyo punguza ubora. Lakini fungua na feni, kaka. Kwenu huko Ukerewe, kama huku, wale wadudu wa ziwani wanaojaa kwenye taa usiku wanaingia kwenye matundu na kushikana na vumbi kama kitambaa.

Fundi wa Nansio: Nimefungua. Nimetoa donge zima. Nasafisha kwa kitu gani?

Brashi laini ya rangi, kavu. Shikilia feni kwa kidole isizunguke. Kisha badilisha ile pasta ya kupitisha joto juu ya prosesa, kiasi cha punje ya mchele inatosha.